Gesti Zilizofungwa na Wenzetu Wasio na Paa

Haya ni maneno ya mwezeshaji wa bajeti za wananchi kwenye baraza la wadi ya Mkongani. Yamefupishwa kidogo ili yaingie katika jarida.



Nimeombwa nizungumzie jambo moja: kama serikali ya kaunti inaweza kuchukua gesti au hoteli iliyofungwa, ikaigeuza kuwa makao ya muda ya watu waliokosa pa kulala. Nianze na lililo wazi. Mimi sikuja na habari ya fedha zilizotengwa. Hili bado ni wazo. Lakini ni wazo linalozungumzwa, na msimu wa kutoa maoni ya bajeti ndio huu, kwa hivyo afadhali tulichambue hapa kabla halijaandikwa na mtu mwingine kwa niaba yetu.

Najua kuna anayejiuliza, Mkongani na hoteli wapi na wapi? Hoteli ziko Diani, sisi huku tuna mahindi, minazi, mikorosho, na ndovu wa Shimba Hills wanaokuja kuvuna kabla yetu. Ni kweli. Lakini hesabuni nyumba zenu. Nyumba ngapi hapa zina kijana aliyepanga chumba Ukunda ili awe karibu na kazi ya hoteli? Machi 2020, serikali iliposimamisha ndege za abiria kutoka nje, watalii walikatika na hoteli zikawarudisha wafanyakazi majumbani. Mshahara ulikoma, kodi ya chumba haikukoma. Wengine mlituma pesa kutoka huku ili mtoto asifungiwe mlango na mwenye nyumba. Basi habari ya kukosa pa kulala si ya watu wengine.

Na haikuanza 2020. Wenye umri wangu wanakumbuka Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na watu kufukuzwa majumbani mwao. Maelfu walikimbia, wengi wakajibanza katika kanisa Katoliki la Likoni na watoto wao. Mwendo mfupi kutoka pale, katika pwani hiihii ya kusini, watalii walikuwa wanafuta safari na hoteli zinabaki na vitanda vitupu. Watu wasio na kitanda upande mmoja, vitanda visivyo na watu upande wa pili, na hapakuwa na utaratibu wowote wa kuwakutanisha. Tangu hapo, kila mto Umba ukifurika, ndugu zetu wa Vanga na Jego hukimbilia penye paa lolote lililo juu ya maji, na mara nyingi paa hilo ni la shule. Shule ikifunguliwa, watafutiwe pengine tena.

Kwa hiyo mtu akipita Diani akaona geti lililofungwa kwa mnyororo, makuti yameanguka, vyumba vimejaa popo, ni haki yake kuuliza. Tena sheria iko upande wake. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Jedwali la Nne linaweka nyumba na udhibiti wa majanga miongoni mwa kazi za kaunti. Afisa akikwambia makao ni kazi ya Nairobi peke yake, mwonyeshe jedwali hilo.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi.

Kazi hii ya kugeuza moteli kuwa makao imefanywa kwa upana sana Marekani. Jimbo la California mwaka 2020 lilitenga takriban dola milioni 600 kwa mpango walioupa jina Homekey, na katika miezi michache serikali za miji na kaunti zikanunua mahoteli na majengo mengine yenye vyumba karibu 6,000. Haraka ile ilikuwa na sababu: sehemu kubwa ya fedha ilitoka serikali kuu yao, na ilitakiwa iwe imetumika kabla mwaka haujaisha. Wale wenzetu wanaohangaika na fedha za maendeleo kila Juni wanaijua haraka hiyo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kaunti ya King, ulipo mji wa Seattle. Mwezi Machi 2020 kaunti ile ilinunua moteli ya vyumba 85 katika mji wa Kent, iitwayo Econo Lodge, kwa takriban dola milioni 4, ili wagonjwa wa korona wasio na mahali pa kujitenga wapate chumba. Ilinunuliwa haraka, na katika hali ile ilifaa. Korona ikapungua. Mwaka 2024 wakimbizi waliokuwa wakiomba hifadhi, miongoni mwao Wakongomani, Waangola na Wavenezuela, walikosa pa kwenda wakapiga mahema katika uwanja ulio kando ya moteli ileile. Walilala nje na watoto, mbele ya vyumba vya serikali vilivyofungwa, wakaomba wafunguliwe. Jibu la kaunti lilikuwa kwamba jengo halikuwa tayari kuendeshwa kama makao.

Natia mkazo hapo kwa sababu kaunti ile si maskini, na nia haikukosekana. Mwishoni mwa 2020 baraza lao lilikuwa limepitisha kodi ndogo ya mauzo, senti 10 kwa kila dola 100, mahsusi kwa kununua na kuendesha makao ya aina hiyo, na hoteli kadhaa zikanunuliwa na kujazwa watu. Yaani serikali moja, majengo ya namna moja. Pale palipokuwa na mapato ya kila mwaka ya kulipa wasimamizi, watu wanalala ndani. Pale palipokuwa na jengo tu, watu walilala nje ya ukuta.

Tufanye hesabu yetu. Nasema mapema kwamba hizi ni tarakimu za mfano, si bei ya gesti ya mtu yeyote. Chukua gesti ya vyumba 20, iuzwe milioni 30. Watu 60 wakae humo. Weka wafanyakazi 8, walinzi, wasafishaji, msimamizi na mtu wa ustawi wa jamii, tuseme elfu 20 kila mmoja: 160,000 kwa mwezi. Umeme na maji, 60,000. Marekebisho, 40,000, na mnajua chumvi ya bahari inavyokula mabati na nyaya. Chakula cha shilingi 200 kwa mtu kwa siku, hapo ni 360,000. Jumla 620,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni 7 na laki 4 na elfu 40. Miaka minne ikipita, umelipa kuiendesha karibu sawa na ulivyolipa kuinunua, na mwaka wa tano unabisha hodi.

Milioni 30 za kununua ndizo zitakazokatiwa utepe. Zile milioni 7 hazina utepe. Zinagombania mfuko mmoja na dawa za zahanati na mshahara wa mwalimu wa chekechea, kila mwaka, na mwaka zitakaposhindwa ndipo tutakapokuwa na Econo Lodge yetu.

Kuna atakayesema tutumie Hazina ya Dharura ya kaunti. Hazina hiyo ipo kisheria, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na inafaa kwa mahema, chakula, hata kodi ya miezi michache baada ya mafuriko. Lakini ni ya mambo ya ghafla yasiyotazamiwa, na malipo yake kwa mwaka yana kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Mshahara wa mlinzi wa mwaka ujao si jambo la ghafla.

Mimi nina maoni yangu, na nitayasema, maana hamkuniita nije kuzunguka mbuyu. Familia ambayo nyumba yake imeungua au imevunjwa na ndovu, na baba na mama wana nguvu zao, haihitaji gesti ya serikali. Inahitaji mabati, miti, na kodi ya chumba kwa miezi mitatu. Chumba kikiwa 4,000, familia 20 ni 80,000 kwa mwezi, na watoto hawahami shule. Hiyo ni nafuu kuliko gesti, na ina heshima zaidi.

Wako wengine ambao chumba cha kupanga hakiwatoshi. Mama aliyekimbia kipigo usiku na watoto. Mtu aliyeruhusiwa hospitali na hana kwao. Mtoto wa mtaani anayetaka kurudi shule lakini hana mlango wa kurudia. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani, iliyofanywa 2018, ilipata watu 46,639 nchini, na 7,529 kati yao Mombasa, ng'ambo tu ya feri. Na wako wazee. Hili ni zito na nalisema kwa adabu mbele ya wazee walioketi hapa. Pwani yetu imeona wazee wakifukuzwa, wengine wakiuawa, kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba linalotakiwa. Jirani zetu wa Kilifi wana Kaya Godoma, kule Ganze, mahali pa kuwahifadhi wazee wa namna hiyo. Mzee aliyefika pale kwa hofu ya kuuawa hawezi kuambiwa arudi baada ya siku 90 kwa sababu kanuni ya makao ya muda imesema hivyo. Arudi wapi? Neno "muda" ni jepesi kuliandika, lakini linahitaji mtu wa kuzungumza na ukoo, chifu wa kusimamia mpaka wa shamba, na wakati mwingine mahakama.

Kwa watu hawa nyumba yenye msimamizi inahitajika, nami ningeiunga mkono. Ningependa iwe ndogo, vyumba 15 au 20, iwe karibu na Kwale mjini penye hospitali, polisi na ofisi ya watoto. Hoteli kubwa ya ufuoni iachiwe wenye biashara ya utalii. Tukiichukua tutalipa bei ya mandhari ya bahari, na mzee wa Mkongani hatapata hata nauli ya kufika.

Na likija pendekezo la kununua jengo lolote, naomba mwulize kuhusu hati kabla ya rangi ya ukuta. Viwanja vingi vya ufuoni ni vya kukodi kwa miaka maalum, na asiye raia, kwa Ibara ya 65, hawezi kumiliki zaidi ya miaka 99. Imebaki mingapi? Je, hati iko benki kwa rehani? Je, mwenyewe amelipa kodi ya ardhi, au anaidai kaunti milioni 30 huku kaunti inamdai yeye? Mthamini ni nani, na nani amemchagua? Kubadilisha matumizi ya jengo kunahitaji kibali, na watu wa afya na wa zimamoto lazima wapite. Paa la makuti juu ya vyumba vya watoto, mimi sitaki kuliona.

Mama mmoja hapa ameuliza: nani ataamua anayeingia? Swali zuri sana. Majina yakiachwa kwa mtu mmoja, vyumba vitajaa jamaa zake. Pendekezo liandikwe kwamba kuwe na kamati yenye afisa wa ustawi wa jamii, mzee wa mtaa, mwakilishi wa akina mama na mtu wa afya, na orodha ya walioingia na waliotoka, bila majina, ibandikwe ofisi ya wadi kila mwezi. Majina yafichwe. Mama aliyekimbia kipigo hataki mumewe asome ukutani aliko.

Kijana kule ameuliza kama maoni yetu yanasomwa kweli. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Maoni yaliyoandikwa, yakatiwa sahihi na kupokelewa kwa muhuri, ni vigumu zaidi kuyapuuza kuliko kelele za barazani. Andikeni Kiswahili chenu, ukurasa mmoja unatosha. Wekeni mambo mawili: mnataka nyumba ya nani, na fedha za kuiendesha mwaka wa pili na wa tatu zitoke wapi. La pili likikosa jibu, semeni jengo lisinunuliwe, kaunti ikodi vyumba kwanza kwa mwaka mmoja tuone.

Karatasi ziko kwa msimamizi wa wadi. Asiyeandika, mjukuu wake amwandikie, yeye atie dole gumba. Mimi nipo hapa mpaka alasiri, aliye na swali lisilofaa kuulizwa mbele ya watu aje tukae pale pembeni.