Uyoga wa Porini: Anza na Aina Moja

Msikilizaji, mvua zikianza kwenye misitu ya miombo, anayeanza kuchuma uyoga ajifunze aina moja tu, kwa mtu anayeijua. Mfano ni ule wa vichuguuni, wenye mzizi mrefu unaozama hadi kwenye kiota cha mchwa. Wapo wanaosema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kuuchemsha huondoa sumu. Si kweli: konokono hula uyoga unaoua binadamu, na amatoksini, mojawapo ya sumu mbaya zaidi za uyoga, haiharibiwi na moto. Tena hujificha: kutapika na kuharisha huanza baada ya saa 6 hadi 24, mgonjwa hupata nafuu ya muda, huku ini likiharibika. Ukiutilia shaka uyoga uliokula, wahi hospitali na mabaki yake, hata kabla hujajisikia vibaya.