Kamueni Kwanza, Ndipo Muwashe Moto

Wahitimu wa uhandisi wa usindikaji, nina lalamiko kuhusu taaluma yetu na ningependa muondoke nalo leo.

Lalamiko ni hili: tunakimbilia moto. Kiwanda kikitaka kukausha muhogo uliokunwa, swali la kwanza la mhandisi huwa ni ukubwa wa boila na joto la hewa. Nyumbani hakuna anayeanika shuka bila kuikamua, wala mpishi wa Pwani hasubiri tui lichuruzike lenyewe. Hutia nazi kwenye kifumbu akaminya. Kiwandani tunayasahau haya, na hesabu zinatusuta. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji kilojuli 335 hivi, lakini kuyageuza maji hayohayo kuwa mvuke huhitaji nyingine 2,257. Sasa chukueni tani moja ya machicha ya muhogo yenye unyevu wa asilimia 50, mnataka unga wa asilimia 12, chini kidogo ya kikomo cha 13 kilichowekwa na viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex. Itabidi mvukize kilo 432 za maji. Machicha hayohayo yakikamuliwa zaidi mpaka asilimia 40 kabla ya kuona moto, kilo za kuvukiza hushuka hadi 265. Pointi kumi tu za unyevu zimeondoa karibu asilimia 39 ya kazi ya moto, na zimeondolewa kwa jeki na mfuko. Tena maji yanayokamuliwa huondoka na sehemu ya sumu ya muhogo mchungu, kwa hiyo yasielekezwe mtoni.

Wenye viwanda vya maziwa ya unga walilielewa hili zamani. Maziwa hayakamuliki kama machicha, na yana maji karibu asilimia 87, lakini hawayapeleki moja kwa moja kwenye mnara wa hewa moto. Huyachemsha kwanza katika mitungi ya ombwe iliyounganishwa, mvuke wa mtungi mmoja ukichemsha maziwa ya mtungi unaofuata, hivyo joto lilelile hutumika mara kadhaa. Yakishakuwa mazito, karibu nusu yake yakiwa yabisi, ndipo hunyunyiziwa mnarani.

Mtanipinga kwamba mashine za bomba, zile zinazorusha unga kwa hewa ya nyuzi 150 na zaidi, hukausha kwa sekunde chache, basi kwa nini tujisumbue na kukamua? Pingamizi hilo lina uzito. Chembe iliyolowa haifiki joto la hewa inayoizunguka, kwa sababu maji yanayovukiza huipoza, na ndiyo maana unga hauungui. Lakini hilo ni kweli kwa chembe iliyochambuka. Machicha yenye maji mengi huingia bombani yakiwa mabonge, na wanga wa muhogo uliolowa huanza kuiva kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi. Bonge huiva ganda nje, maji yakanaswa ndani, na kinachotoka ni kokoto zenye moyo mbichi zitakazoota ukungu ghalani. Watakaosema kukamua kunachelewesha kazi wapige gharama ya kuni au dizeli ya mwaka mzima kwanza. Watakaosema jua ni bure wanasema kweli, ila jua nalo hukausha upesi kile kilichokamuliwa, na mvua haingoji.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana, la kukausha kupita kiasi. Tani ile yenye asilimia 50 ikikaushwa mpaka asilimia 8, mtapata unga kilo 543 badala ya 568 za ule wa asilimia 12. Mmelipia moto ili mtupe kilo 25 za kuuza, tena maji ya mwisho ndiyo magumu kutoka, kwa kuwa husafiri kutoka ndani ya chembe. Na vumbi la unga mkavu huweza kulipuka. Mwaka 2008 vumbi la sukari lililipua kiwanda cha Port Wentworth, Georgia, Marekani, likaua watu 14. Kwa hiyo fagieni vumbi sakafuni na juu ya mihimili.

Kwa hiyo siku ya kwanza kazini, kabla ya kusifia boila, ulizeni machicha yanaingia kwenye kikaushio na unyevu wa asilimia ngapi. Pasipo jibu, chukueni sampuli, ipimeni kwenye mizani, iwekeni kwenye tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena, mpime upya. Fanyeni hivyo kila zamu kwa wiki nzima, kisha mpelekeeni meneja karatasi yenye namba hizo na bei ya kikamulio. Akishaisoma, mashine mpya mtaizungumzia baadaye.