Gunia la Nyumbani Lisiuzwe

Hotuba ya afisa wa kilimo katika siku ya wakulima, Kaunti ya Uasin Gishu

 

Leo naomba tutazame chakula kinachopikwa jioni hapa Eldoret. Omena imetoka Ziwa Victoria. Mchele umetoka Ahero au Mwea. Ndizi za kupika zimetoka Kisii au Uganda. Viazi vimetoka nyanda za juu za Elgeyo Marakwet, na maembe yamepanda kutoka Bonde la Kerio. Hata ngano, ambayo sisi wenyewe tunailima, haitoshi: sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya huagizwa kutoka nje.

Lakini ugali na maziwa ni vyetu. Sisi na jirani zetu wa Trans Nzoia tunaitwa ghala la nafaka la taifa. Mbona basi, ifikapo Juni, mkulima yule yule aliyevuna vizuri anaonekana sokoni akinunua mahindi kwa gorogoro?

Jibu mnalijua. Tunavuna kuanzia Oktoba, Januari karo inabisha hodi, na mnunuzi yuko langoni na lori lake. Tunauza yote bei ikiwa chini, kisha tunanunua bei ikiwa juu. Sisemi msiuze. Nasema tenga ya nyumbani kwanza. Hesabu ya kawaida ni karibu gunia moja la kilo 90 kwa kila mtu kwa mwaka. Nyumba ya watu sita, weka magunia sita, na moja la wageni. Hayo mnunuzi asionyeshwe.

Sasa, kutenga bila kukausha ni kazi bure. Mahindi ya kuweka yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha uache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Yakikauka, yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, na uyapange juu ya mbao, mbali na ukuta.

Nasisitiza kwa sababu mahindi yenye kuvu huua. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Na usiseme, "Haya nitampa ng'ombe." Sumu hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo utakayotengenezea mursik ya watoto.

Mwisho, kando ya mahindi panda managu, sagaa na wimbi. Wimbi lilipikwa kimyet hapa kabla mahindi hayajajulikana, nayo likikaushwa vizuri hukaa ghalani muda mrefu.

Mkirudi nyumbani leo, kaeni baba, mama na watoto wakubwa, mhesabu midomo, kisha mhesabu magunia. Fanyeni hivyo kabla lori halijafika.