Ngoma Iwaite Watoaji

Hotuba iliyotolewa kwa jina la kamati ya yubile, kabla ya konseri ya korali juu ya makaye ya watoto wa vijiji





Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache kabla korali hazijaanza. Tunajua ya kuwa hamkuja hapa kwa kusikiliza hotuba. Lakini kuna neno moja ambalo, tusipolisema sasa, konseri hii itakuwa furaha ya masikio tu, na watoto ambao tumekusanyika juu yao hawatapata faida inayowapasa.

Sisi watu wa Kamina hatukuanza jana kuimba. Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika katika nchi hii. Hapa Kamina alikusanya watoto wa masomo wapata 45, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wapata 15, akaunda nao korali iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Hakuwalazimisha kuimba kama Wazungu. Aliwaachia sauti zao, ngoma zao na nyimbo za wazee wao. Kasala, ambayo tunaijua kama maombolezo ya matanga, iliingia katika maneno ya misa ya Kilatini. Na mchezo wa Kasai ukampigia Bwana Hosana. Ndivyo ilivyozaliwa Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, hapa hapa Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule watoto wale walisafiri mpaka Ulaya, wakaimba katika maonyesho makubwa ya ulimwengu mjini Brussels. Hayo yalitukia zaidi ya miaka mitano kabla Mtaguso wa pili wa Vatikano haujatoa hati yake juu ya liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, ambayo ilizifungulia nyimbo za mataifa mlango wa kanisa. Tena mwaka 1968 Sanctus ya misa ile ilisikika katika filamu ya Waingereza iitwayo If...., na watu wasiojua Kamina iko upande gani wa dunia waliinunua sahani yake.

Hatuyataji hayo kwa kujisifu. Tunayataja kwa sababu ya jambo moja ambalo mara nyingi tunalisahau. Waimbaji wale walikuwa nani? Walikuwa wanafunzi na walimu wao. Kabla hawajasimama mbele ya wakubwa wa Ulaya, walikuwa wameketi katika bango la masomo, na kalamu mkononi. Wimbo uliotoka Kamina ukazunguka dunia ulitoka katika nyumba ya masomo. Basi ni haki kabisa wimbo urudi leo katika nyumba ya masomo, na usirudi mikono mitupu.

Wengine watatuuliza: je, masomo ya msingi si ya bure? Ndiyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, imesema ya kuwa masomo ya msingi katika nyumba za serikali ni lazima na ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitimiza neno hilo. Tumshukuru Mungu juu ya mlango huo uliofunguliwa. Wazazi wengi, ambao zamani walichagua mtoto mmoja wa kusoma na kuwaacha wengine shambani, sasa wanawatuma wote. Lakini mtoto akiisha kuvuka mlango, anahitaji kitu cha kuandikia. Baba ambaye kinga yake imebeba makala au mihogo mpaka sokoni Kamina, anaporudi na falanga kidogo, mbele yake kuna chumvi, sabuni, dawa ya homa. Kaye inakuja nyuma ya vyote. Na kama ana watoto watano katika masomo, si kaye moja anayodaiwa.

Tumewaona watoto hao kwa macho yetu. Tumeona kaye moja iliyokatwa katikati kwa kisu, nusu ya kaka na nusu ya dada. Tumeona mtoto aliyeandika hesabu kwa kidole katika mavumbi, kisha akaifuta kwa mguu ili aandike nyingine. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto anasoma, anaelewa. Lakini jioni nyumbani hana kitu cha kurudilia, na kesho yake ubao umefutwa. Akili yake si ndogo. Ila kila siku anajenga nyumba bila kuwa na mahali pa kuweka matofali.

Ndugu wapendwa, sasa inatupasa kuungama kosa letu. Konseri hii si ya kwanza. Katika konseri iliyotangulia tulikusanya makaye na kalamu, na tukafurahi sana. Tukawaita watoto kutoka vijiji, tukawapanga mbele ya watu wote, tukataja jina la kila mmoja, na kila mmoja akapokea makaye yake chini ya makofi na vigelegele. Tulidhani tumefanya jambo zuri. Baada ya majuma machache mama mmoja alikuja kutuona. Hakuja kwa ugomvi, alikaa, akanyamaza kitambo, halafu akatuambia hivi: "Bababa na bamama, aksanti kwa makaye. Lakini wenzake wamempa mtoto wangu jina. Wanamwita Kaye ya Kanisa. Sasa anakataa kwenda masomo."

Neno lile lilituchoma. Makaye yalikuwamo ndani ya nyumba, safi, hayajaandikwa. Mwenye makaye alikuwa shambani anafukuza ndege. Tulimpa kitu, tukamnyang'anya uso wake.

Hapo tukaikumbuka Injili. Bwana wetu aliwakataza wanafunzi wake kupiga tarumbeta mbele yao wanapotoa sadaka. Na sisi tulipiga ngoma! Je, tuache ngoma? Tulishauriana sana juu ya neno hilo. Wengine katika kamati walisema afadhali tupitishe kikapu kimyakimya siku ya Mungu, tusiimbe hata kidogo. Wengine walijibu ya kuwa kikapu cha kimya hurudi chepesi, na ya kuwa katika nchi yetu ngoma haikuwa ya majivuno tangu zamani: kyondo ilipolia, watu walijua kuna kifo, au kuna hatari, au kuna kazi ya wote, nao walikuja. Mwisho tulikubaliana hivi: ngoma ina kazi yake, nayo ni kuwaita watoaji. Haina ruhusa ya kuwaonyesha wapokeaji.

Kwa hiyo leo mtaona mabadiliko matatu. La kwanza, hakuna mtoto hata mmoja atakayesimama hapa mbele kwa kupokea. Watoto mnaowaona wamekuja kuimba, nao wataimba kama waimbaji. La pili, majina ya watoaji hayatasomwa. Sanduku liko mlangoni. Aliyeleta makaye kumi na aliyeleta kalamu moja watapita katika mlango mmoja. Tunajua ya kuwa wengine wamezoea kusikia majina yao yakitajwa, na tunawaomba watuwie radhi. La tatu ndilo kubwa kuliko yote: vitu vitapelekwa katika vijiji, vitatiwa mkononi mwa mwalimu, naye atavigawa darasani mwake kwa wanafunzi wote wa darasa lile, bila kuchagua.

Hapa kuna shida, nasi hatutaificha. Tukiwapa wote wa darasa, masomo tutakayoyafikia yatakuwa machache. Kwa makaye yale yale tungeweza kuwachagua walio masikini kupita wote, na kufika vijiji vingi zaidi. Mjumbe mmoja wa kamati alitukumbusha kwa uchungu ya kuwa kuna vijiji ambavyo mwaka huu havitapata kitu, na mtoto wa mwenye duka atapokea sawasawa na yatima. Alisema kweli, na hatukuwa na jibu la kumfurahisha. Tulimwambia hili tu: mahali ambapo wote wana kaye mpya, hakuna anayeweza kuitwa Kaye ya Kanisa. Tumechagua kufika karibu na vijiji vichache, lakini tufike vizuri. Vile vinavyobaki ni deni letu. Na kulilipa, ndugu, kutategemea uzito wa lile sanduku la mlangoni.

Basi twawaomba: leteni makaye, kalamu za biki, kreyo, mipira ya kufutia, na kreyo za ubao kwa walimu, maana mwalimu asiye na chaki naye ni masikini kama mwanafunzi wake. Asiye na kitu leo, alete kesho au juma lijalo kwa Baba Paroko. Kutoa ni moyo, si utajiri. Na ninyi walimu wa vijiji, tunawaomba jambo dogo: siku mtakapogawa, msiseme "hii imetoka kwa wasaidizi". Semeni tu, "fungueni makaye, tuandike".

Yubile ya parokia ni siku ya kushukuru juu ya wale waliotutangulia. Wazee wetu wa mwaka 1958 walitoka katika bango la masomo, wakaimba, dunia ikawasikia. Sisi leo twaimba ili mtoto mmoja katika kijiji, ambaye hatatujua wala hatatushukuru, afungue ukurasa mweupe na kuandika jina lake mwenyewe, lile alilopewa na wazazi wake.

Sasa korali zianze. Ngoma na zilie kwa nguvu, Kamina nzima isikie.

Mungu awabariki. Amina.