Maneno ya Katibu Juu ya Nyumba Zilizosimama



Mwaka huu bati jipya hatulioni. Pamba ilikuwa haba, saruji imepanda, basi tumeacha kujenga. Tanuri za tofali zimepoa. Waashi wetu wanashinda kwenye bao, na vijana wa mchanga wamekwenda mjini.

Hazina ya kijiji nayo imeumia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo za ushuru, lakini mchanga usipotoka tutatoza nini? Nyumba ya mwalimu imefika kwenye renta ikakwama. Eti pesa imeliwa! Daftari liko kwa mtunza hazina, njooni mlisome.

Jumamosi tukubaliane: tuzikope tofali zilizolala, mafundi wamalize nyumba ile, walipwe nusu kwa mahindi ya ghala la ushirika, nusu baada ya mauzo. Tukingoja mvua, kuta zile zitamomonyoka.