Hotuba juu ya Picha ya Penseli Iliyotundikwa Ukumbini

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, ndugu na jamaa, nanyi wana na wajukuu mliosafiri kutoka Muscat, Toronto na miji mbalimbali ya hapa Uingereza.

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa hai. Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya picha ya penseli iliyotundikwa karibu na mlango, kwa kuwa tangu jana imezua maneno. Wapo waliouliza: mtu huyu ni nani, na ana nasaba gani nasi, hata apewe ukuta katika siku ya ukoo? Wapo pia wasioridhia sura ya binadamu kuchorwa. Hao nawaheshimu, wala sikusimama hapa kutoa fatwa. Nimesimama kuwajibu wale wa kwanza.

Mchoraji ni mjukuu wa dada yangu, binti wa miaka 17. Aliyechorwa ni Otis Redding, mwimbaji wa muziki wa soul wa Marekani. Alizaliwa Dawson, katika jimbo la Georgia, tarehe 9 Septemba, 1941, akalelewa katika mji wa Macon. Mwaka 1962 alimwendesha gari mpiga gitaa mmoja hadi Memphis, kwenye studio ya Stax. Kazi ya mwenziwe ilipokwisha na muda ukabaki, naye akapewa nafasi ya kuimba. Alikwenda dereva, akarudi mwimbaji. Mwaka 1967 wasomaji wa gazeti la muziki la Melody Maker, hapa hapa Uingereza, walimchagua kuwa mwimbaji bora wa kiume duniani, nafasi ambayo Elvis Presley alikuwa ameishika kwa miaka mingi. Tarehe 10 Desemba ya mwaka huo huo ndege yake ndogo ilianguka katika Ziwa Monona, mjini Madison, jimbo la Wisconsin. Alikuwa na umri wa miaka 26. Wengi wa waliofariki pamoja naye walikuwa vijana wa bendi yake, Bar-Kays. Aliokoka mmoja tu, mpiga tarumbeta Ben Cauley.

Siku tatu kabla ya ajali alikuwa studio akimalizia The Dock of the Bay, wimbo wa mtu aliyeketi gatini, mbali na kwao. Ulitolewa Januari 1968, na kufikia Machi ukashika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Mwenye wimbo alikuwa kaburini. Mwishoni mwake maneno hukoma, ukabaki mluzi.

Sasa itazameni picha. Binti hakumchora akiimba kwa nguvu, kama apigwavyo picha nyingi. Amemchora akipiga mluzi: midomo imekusanyika, macho yameinama. Nilimwuliza imemchukua muda gani, akasema wiki sita. Akanieleza kwamba ngozi nyeusi haichorwi kwa kukoleza penseli mara moja. Huanza na penseli ngumu, akapaka tabaka juu ya tabaka, kisha penseli laini kwa pembe za macho na chini ya kidevu. Pale penye mwanga, juu ya paji na shavuni, haweki kitu. Ni weupe wa karatasi wenyewe ulioachwa tangu mwanzo. Ukikosea ukaujaza, hata raba hairudishi weupe ule sawasawa.

Nikamwuliza swali lenu: mbona hukuchora mmoja wa kwetu? Akanijibu kwa adabu, naye hakujua alichonichoma nacho: “Babu, wa kwetu hakuna aliyenisimulia.”

Ndugu zangu, jibu lile limeninyima usingizi, kwani kosa ni langu.

Wazee mliopo mnamjua ninayemkusudia. Vijana mmemsikia kwa jina moja tu, “marehemu”. Ni kaka yangu mkubwa, aliyefariki Tanga mwaka 1974 kwa homa ya siku nne, akiwa na miaka 25. Wimbo ule ulikuwa wimbo wake. Santuri aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, na jioni alikuwa akishuka ufukweni, akikaa kutazama meli na kupiga mluzi ule wa mwisho. Mwaka 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku jijini Dar es Salaam kwa kuonekana ni utamaduni wa kigeni, alicheka akasema kuwa mluzi haukutajwa katika amri. Mimi niliyekuja kula mkate wa serikali miaka mingi, nikisoma waraka hadi leo huwa namkumbuka.

Baada ya maziko, baba alizifungia santuri sandukuni. Jina lake likawa halitajwi nyumbani, mama asije akalia. Ilikuwa huruma. Lakini mama naye ametangulia zamani, na sisi tukaendelea kunyamaza kwa mazoea. Nimelea watoto katika nchi hii, nikawafundisha nasaba hadi babu wa saba, nikamruka ndugu yangu wa tumbo moja. Huruma ikageuka kuwa usahaulifu. Kijana wa Georgia wanamjua kwa sababu watu wake hawakuacha kumtaja.

Basi ninalo ombi. Picha ya kaka iliyobaki ni moja, ya kitambulisho, ndogo kama stempu, nayo maji yameiharibu upande mmoja wa uso. Binti amekubali kumchora, ila hawezi kuchora asichokiona. Tuliomwona kwa macho tumebaki watatu, na sote tumo ukumbini humu. Dada, wewe unakumbuka kovu la nyusi lilikuwa upande gani. Mimi nalikumbuka la kulia, nawe huenda ukanisahihisha. Binamu, wewe ulikaa naye ufukweni. Baada ya chakula tukae na mtoto huyu, tumweleze tulivyojaaliwa kukumbuka, hata kama machozi yatatoka.

Jana usiku nilimtajia jina lake kamili. Aliliandika chini ya karatasi tupu, kwa penseli ngumu, taratibu. Kwenye ukuta ule, pembeni ya Otis Redding, nafasi ipo.

Wabillahi tawfiq.