Kasuku na mtoto wa mgodi, barua moja



Kuko watu wanatuuliza: «Nyinyi wenye diplome bila kazi, kasuku wanawahusu nini, na watu wenyewe wanateseka?» Swali ni la haki. Tunajibu.

Mwaka 2016, kule Johannesburg, mataifa ya mkataba wa CITES yalikata biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Umoja wa Ulaya unadai waagizaji wakubwa wa bati, koltani na dhahabu wachunguze mali ilitoka wapi na kwa njia gani. Yote yaliamuliwa mezani, mbali na Punia. Lakini ulimbo unapakwa kwenye miti yetu, na kasiterite inabebwa na watoto wetu. Ndege anauzwa mbali, jiwe linauzwa mbali, sisi tunabaki na mashimo.

Kwa hiyo hatuchagui kati ya ndege na mtu. Katiba yetu, kifungu cha 27, inatupa haki ya petisyo, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tutaandika moja kwa yote mawili. Itaanzia kwa wakubwa wetu. Kopi itaenda kwa ambasade kule Kinshasa, maana nchi inayonunua inaweza kuuliza.

Kazi yenu ni hii: ukiona, andika tarehe, mahali, hesabu. Jina la mtoto usiandike. Bila hayo, ni kelele tu.

Karatasi ya kusaini iko hapa mbele. Karibuni.